Pigano la Zama mezani: mwongozo kamili wa kuunda na kuchezesha majeshi mawili ya vijisanamu

Mchezo wa vita wa mezani huchezwa na watu wawili au zaidi wanaosogeza majeshi ya vijisanamu juu ya meza iliyopambwa kama uwanja wa mapigano, huku wakipima mwendo kwa rula na kuamua matokeo kwa dadu. Wengi wanaouanza hununua kwanza vijisanamu vilivyowapendeza, kisha ndipo hutafuta la kuvifanyia, na mwishowe hujikuta na maboksi ya askari wa enzi tano tofauti ambao hawawezi kupambana wao kwa wao. Mwongozo huu unafuata njia ambayo naamini ndiyo inayomfikisha mtu mezani: chagua pigano moja la kihistoria, tambua mambo yaliyoliamua, kisha uyaache mambo hayo yaamue ukubwa wa vijisanamu, idadi yake, rangi zake, uwanja na kanuni. Unda pande zote mbili wewe mwenyewe, ili mgeni yeyote atakayeketi upande wa pili akute jeshi limeshapangwa.

Mfano utakaotumika hapa ni pigano la Zama la mwaka 202 KK, lililopiganwa katika nchi ambayo leo ni Tunisia, kati ya Hannibal wa Karthago na Scipio wa Roma.

Kulisoma pigano kabla ya kununua chochote

Maelezo marefu ya pigano hili yametoka kwa mwanahistoria Mgiriki Polybius, nayo yanampa mchezaji karibu kila anachohitaji. Hannibal alitanguliza tembo zaidi ya 80. Nyuma yao aliweka safu tatu za askari wa miguu: kwanza mamluki wapatao 12,000, ambao ni Waliguria, Waselti, Wabaleari na Wamauri, kisha Walibya na Wakarthago wenyewe, na mwisho askari wakongwe aliorudi nao kutoka Italia, ambao aliwasimamisha zaidi ya stadi moja nyuma ya safu ya pili, yaani kama mita 180 au zaidi. Wapanda farasi wake Wanumidia walikuwa mrengo wa kushoto, na wa Karthago mrengo wa kulia.

Scipio naye alikuwa na safu tatu za Kirumi: hastati mbele, principes katikati, triarii nyuma. Kwa desturi vikosi vya safu ya pili vilisimama kuziba nafasi za safu ya kwanza, lakini siku hiyo alivipanga kimoja nyuma ya kingine ili zibaki njia zilizonyooka ambamo tembo wangepita bila kuwakanyaga watu, na ndani ya njia hizo akawaweka askari wepesi walioitwa velites. Laelius aliongoza wapanda farasi wa Italia upande wa kushoto, na mfalme Masinissa aliongoza Wanumidia wake upande wa kulia, akiwa ameleta askari wa miguu 6,000 na wapanda farasi 4,000.

Chukua karatasi, uandike mambo yaliyoamua matokeo. Kwangu mimi ni manne. Tembo walitishwa na tarumbeta, wengine wakarudi na kuwavuruga Wanumidia wa Hannibal mwenyewe. Wapanda farasi wa Karthago walishindwa pande zote mbili wakafukuzwa mbali na uwanja, jambo ambalo liliwaondoa uwanjani washindi pia. Safu ya pili ya Karthago haikuipokea ile ya kwanza iliposhindwa, hata mamluki wakageuka kupigana na wenzao. Na mwishowe Scipio alisimamisha pigano, akawarudisha hastati kwa tarumbeta, akawasogeza principes na triarii kwenye pembe zote mbili hadi wote wakawa safu moja ndefu, wakapambana na wakongwe wa Hannibal bila upande wowote kuzidi, mpaka Laelius na Masinissa waliporudi na kuwapiga wakongwe hao kutoka nyuma. Kanuni yoyote isiyogusa mojawapo ya mambo hayo inaweza kuachwa, na hapo ndipo mchezo unapopata wepesi wake.

Vipimo viwili visivyolingana

Vijisanamu hupimwa kwa urefu wa askari aliyesimama. Ukubwa unaopatikana kwa wingi ni milimita 28, ambao huonyesha hadi mikunjo ya nguo, milimita 20 hivi, ambao mara nyingi ni wa plastiki, milimita 15, na milimita 6, ambao humwezesha mchezaji kujaza meza kwa mamia ya askari. Kwa pigano lenye safu tatu kila upande napendekeza milimita 15, kwa sababu sare bado zinaonekana na meza ya kawaida inatosha.

Kijisanamu cha milimita 15 ni takriban mara 100 ndogo kuliko mtu halisi, lakini ardhi ya mezani haiwezi kufuata kipimo hicho, kwa kuwa uwanja wa kilomita nne ungehitaji meza ya mita 40. Kwa hiyo ardhi hupewa kipimo chake. Tuseme kibao kimoja, yaani kipande bapa ambacho vijisanamu hubandikwa juu yake, chenye upana wa milimita 40 kinawakilisha askari 2,000 wa miguu waliojipanga kwa kina cha watu kumi, kila mmoja akichukua mita moja: safu yao itakuwa na upana wa mita 200, hivyo milimita moja ya meza ni mita tano za ardhi, yaani kipimo cha 1 kwa 5,000. Ile stadi moja kati ya safu ya pili na wakongwe wa Hannibal sasa ni karibu upana wa kibao kimoja, na meza ya sentimita 120 kwa 80 inabeba uwanja wa kilomita sita kwa nne.

Fahamu matokeo ya tofauti hiyo. Nyumba ya kuchonga yenye upana wa sentimita nane, hata ikiwapendeza macho askari wa milimita 15, imefunika mita 400 za ardhi, kwa hiyo lazima ihesabiwe kuwa kijiji kizima. Tatizo hili halikuwasumbua maofisa wa Prussia waliokuwa wakicheza Kriegsspiel, mchezo wa vita wa Reisswitz wa mwaka 1824, kwa sababu walitumia vipande bapa juu ya ramani ya 1 kwa 8,000. Sisi tunaotaka kuona askari wenye nyuso tunakubali tofauti hiyo, tukiikumbuka kila tunapoweka kilima au mti.

Orodha ya majeshi

Kwa uwiano huo, upande wa Roma una vibao 18: hastati vinne, principes vinne, triarii viwili (kwa kuwa idadi yao ilikuwa nusu ya kila safu nyingine), velites viwili, askari wa miguu wa Numidia vitatu, wapanda farasi wa Masinissa viwili na wa Laelius kimoja. Upande wa Karthago una vibao 20: safu ya mamluki sita, vinne vizito na viwili vyepesi, safu ya pili vinne, wakongwe sita, tembo viwili, kila kimoja kikiwakilisha tembo 40, Wanumidia kimoja na wapanda farasi wa Karthago kimoja. Idadi ya baadhi ya vikosi haikuandikwa na watu wa kale, hivyo nimeijaza kwa makadirio, nawe una haki ya kuibadilisha.

Kibao cha askari wazito kibebe vijisanamu vinne bega kwa bega, cha askari wepesi viwili vilivyoachana, cha wapanda farasi wa kawaida vitatu, cha Wanumidia viwili, na cha tembo mmoja. Jumla ni askari 122 na tembo wawili, kazi ambayo mtu mwenye jioni chache huru kwa wiki anaweza kuimaliza.

Kabla ya kununua hata kimoja, kata vipande 38 vya kadibodi vyenye upana wa milimita 40, andika majina juu yake, na ucheze pigano zima kwa kanuni zilizo hapa chini. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kadibodi itakuonyesha kama meza inatosha, kama kikosi fulani hakina kazi, na kama pigano lenyewe linakuvutia kiasi cha kulipakia rangi watu mia moja na ishirini.

Kuandaa na kupaka rangi

Vijisanamu vya bati ni vizito na imara, vya plastiki ni vyepesi, na vya resini huonyesha undani mwingi lakini mikuki yake huvunjika upesi. Vya zamani huenda vina madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono kila umalizapo na usilambe brashi kuichongoa. Ukisugua resini kwa msasa, vaa barakoa.

Anza kwa kukwangua mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita begani na mguuni, kwa kisu kikali au tupa ndogo, kwa maana rangi haifichi mshono bali huukuza. Osha vijisanamu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uviache vikauke kabisa. Vibandike kwa gundi hafifu juu ya kijiti bapa, vinne au vitano kwa kila kijiti, kwa nafasi inayoiwezesha brashi kupita kati yake. Paka praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine; ukitumia ya kupuliza, fanya hivyo nje penye hewa, ukishika kopo sentimita 20 hadi 30 mbali, kwa mapigo mafupi yanayoanza kabla ya kijisanamu na kuisha baada yake.

Kisha paka rangi za akriliki kwa mpangilio wa uvaaji: ngozi ya mwili, nguo, dirii, mikanda, silaha, na ngao mwishoni. Rangi moja ipakwe kwa kikosi kizima kabla ya kuigusa nyingine. Kwa ukubwa huu chagua rangi zilizong'aa kidogo kuliko zilivyo kwa kweli, kwa sababu kitu kidogo kikitazamwa kutoka umbali wa mkono huonekana cheusi. Zikikauka, pitisha juu ya kijisanamu chote rangi ya kahawia nzito iliyozimuliwa kwa maji mengi, ambayo itatulia katika mikunjo na kuacha vivuli. Chovya brashi ya zamani katika rangi hafifu, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, kisha ipitishe juujuu ili sehemu zilizoinuka tu zishike rangi. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, kwa kuwa vidole vya wachezaji huzila rangi za ncha na kingo.

Polybius anatusaidia tena katika mavazi. Hastati na principes walivaa kofia za shaba zenye manyoya matatu ya zambarau au meusi yaliyosimama karibu dhiraa moja, wakabeba ngao ndefu na mikuki miwili ya kurusha. Triarii walibeba mikuki mirefu ya kuchoma. Rangi ya ngao za kila kikosi haijulikani, hivyo zipe safu tatu rangi tatu ili mchezaji azitambue kwa kutupa jicho. Shida iko kwa wakongwe wa Hannibal. Askari wake Waafrika walikuwa wamepewa silaha za Kirumi zilizotekwa tangu ushindi wa Trasimene wa mwaka 217 KK, kwa hiyo ukiwafuata wanahistoria, walinzi wa mwisho wa Karthago watafanana sana na adui. Mimi huwapa nguo za rangi zisizofanana, huyu nyeupe iliyochakaa, yule kahawia, mwingine nyekundu iliyopauka, juu yao dirii za minyororo na ngao zilizokwaruzwa. Tofauti hiyo na sare nadhifu za Warumi inatosha kuwatenga bila kuipotosha historia.

Wanumidia walipanda farasi wadogo bila hatamu wala tandiko, wakiwa na kanzu fupi, ngao ndogo za mviringo na mikuki ya kurusha. Ukinunua vijisanamu vyenye tandiko, vikwangue. Tembo wa Karthago walikuwa wa Afrika, wa aina ndogo, hivyo tafuta wenye masikio mapana na mgongo uliobonyea katikati, kwani wengi wanaouzwa ni wa Kihindi wenye mgongo uliopinda juu na masikio madogo.

Vibao na uwanja

Kata vibao vya mbao nyembamba au plastiki yenye unene wa milimita mbili: upana milimita 40 kwa vyote, kina milimita 15 kwa askari wazito, 20 kwa wepesi, 30 kwa wapanda farasi na 40 kwa tembo. Upana huo ukiwa mmoja, utautumia kama rula ya mchezo mzima. Bandika askari, paka gundi nyeupe ya mbao kuzunguka miguu yao, nyunyiza mchanga uliochekechwa, upake kahawia na kuusugua kwa rangi ya nyasi kavu. Andika jina la kikosi nyuma ya kibao, mahali ambapo mpinzani hapaoni.

Uwanja wa Zama ulikuwa wazi, na hilo ni jambo jema kwa anayeanza. Kitambaa kizito cha rangi ya mchanga kinatosha, pamoja na vilima viwili vya chini pembezoni mwa meza, ambavyo utavipata kwa kutandika vitabu chini ya kitambaa.

Kanuni za kuchezesha

Roma na Karthago hucheza kwa zamu, Karthago ikianza kwa sababu tembo wake walishambulia mwanzoni. Katika zamu yake mchezaji hutupa dadu moja, na namba inayotoka ni idadi ya makundi anayoweza kusogeza. Kundi ni vibao vinavyogusana na kwenda uelekeo mmoja, kwa hiyo safu iliyonyooka husogezwa kwa amri moja, ilhali safu iliyovunjika hula amri nyingi. Askari wazito huenda upana wa vibao viwili, wepesi na tembo vitatu, wapanda farasi vinne, Wanumidia wenye farasi vitano.

Askari wepesi wanaweza kurusha mikuki hadi upana wa vibao viwili kwa dadu moja. Vibao vikigusana, kila kimoja hutupa dadu zake kwa wakati mmoja: askari wazito tatu, triarii na wakongwe nne, tembo nne, wapanda farasi tatu, Wanumidia wenye farasi mbili, askari wepesi moja. Kila 5 au 6 ni pigo. Kibao kinachoshambuliwa ubavuni au nyuma hutupa nusu ya dadu zake, kwa kuacha kipande cha nusu. Askari wazito huondolewa wakifikisha mapigo manne, wapanda farasi na tembo matatu, wepesi mawili. Kwa kuwa kila dadu ina nafasi moja kati ya tatu, askari wazito wakikabiliana ana kwa ana hupata wastani wa pigo moja kila zamu na hudumu kama zamu nne, muda unaompa jemadari nafasi ya kuleta msaada. Weka kijiwe kimoja nyuma ya kibao kwa kila pigo.

Sasa yale mambo manne. Kwanza, kibao cha tembo kikipata pigo, tupa dadu: ikitoka 1 au 2 wamechachamaa, nawe utupe tena, 1 hadi 3 wakaenda mbele, 4 hadi 6 wakarudi nyuma, mwendo wao wote, wakipambana na yeyote watakayemkuta, rafiki au adui. Tembo anayeelekea safu ya Warumi penye njia wazi ya upana wa kibao kimoja hupita humo kwa 3 au zaidi na kutoka mchezoni.

Pili, wapanda farasi wanaomshinda adui lazima wamfukuze hadi nje ya meza. Kuanzia zamu ya pili baada ya kutoka, mmiliki wao hutupa dadu kila zamu: mara ya kwanza hurudi kwa 6 tu, mara ya pili kwa 5 au 6, mara ya tatu kwa 4 hadi 6, na kuendelea hivyo. Hurudi kupitia ukingo ulio nyuma ya adui. Ukitaka kuona kwa nini pigano hili limejadiliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tazama mchezaji wa Karthago anavyoihesabu dadu hiyo.

Tatu, kibao cha mamluki kikiondolewa, kibao cha Karthago kilicho nyuma yake moja kwa moja kinapokea pigo moja, isipokuwa mchezaji alikuwa ameacha nafasi wazi ya kuwapitisha. Safu za Kirumi hupishana bila madhara kwa gharama ya amri moja kwa kila kibao.

Nne, mara moja katika mchezo Scipio anaweza kupiga tarumbeta: vibao vyake vyote vya hastati vinavyopambana hurudi nyuma upana wa kibao kimoja, kisha principes na triarii husogea hadi upana wa vibao vitatu kuelekea pembe bila kutumia amri. Karthago hushindwa ikipoteza vibao vinne vya wakongwe, na Roma hushindwa ikipoteza vitano kati ya vibao kumi vizito.

Siku ya kucheza, na baada yake

Tenga saa mbili hadi tatu. Mgeni apewe Roma, kwa sababu mpango wake ni rahisi kuueleza, na mwenyeji ashike Karthago, ambayo inahitaji subira ya kuwazuia wakongwe wasiingie mapema. Panga majeshi kabla hajafika na umwandikie kanuni kwenye ukurasa mmoja. Likitokea jambo lisilo kwenye kanuni, kila mmoja aseme anavyoona lingekuwa, dadu iamue, na uliandike pembeni ili likatungiwe kanuni baadaye. Kukiwa na mtu wa tatu anayelijua pigano, mwachie yeye uamuzi kama mwamuzi.

Cheza mara mbili kwa kubadilishana pande kabla ya kugusa kanuni yoyote. Karthago ikishindwa kila mara wapanda farasi wanaporudi, punguza kasi ya kurejea kwa kuanza kutupa dadu katika zamu ya tatu. Roma ikishindwa kabla hawajarudi, punguza kibao kimoja cha wakongwe. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila mchezo, la sivyo hutajua kilicholeta tofauti. Majeshi yenyewe yahifadhi katika boksi lenye bati jembamba chini, na ubandike sumaku ya karatasi chini ya kila kibao, maana mikuki mingi huvunjika safarini kuliko mezani. Vibao hivyo hivyo vya Karthago na Roma, ukiongeza Waselti wachache na kuwaondoa Wanumidia wa Masinissa, vitakupeleka kwenye mapigano mengine ya Hannibal, Trasimene na Cannae, bila kuanza upya.